Kosata: siku kumi nyuma ya neno moja la wimbo

Alhamisi, 13 Juni 2019. Moscow

Sufi ndiyo iliyonipokea. Mwezi wa Juni miti ya popla ya Moscow humwaga sufi nyeupe kama ya misufi ya kwetu Tanga. Inajaa barabarani, inaingia kwenye kope na kwenye kikombe cha chai. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Niliondoka nchi hii Julai 1991, ikiwa bado ni Muungano wa Kisovyeti, na hadi leo asubuhi sikuwa nimeikanyaga tena.

Nimekuja kwa ajili ya neno moja. Naeleza mapema, asije mtu akangojea habari za majumba na makumbusho.

Mwaka 1985 nilipelekwa Voronezh kusomea kilimo. Bwenini kwetu alikuwepo mama mmoja mtunza shuka na funguo. Sisi Waafrika wa ghorofa ya tatu tulimwita Mama Funguo, naye akalipenda jina lile. Hakuwa mtu wa Voronezh. Alizaliwa kaskazini ya mbali, kijijini kando ya mto Pinega, mkoa wa Arkhangelsk, na ndoa ndiyo iliyomleta kusini. Kila Jumatatu akihesabu shuka alikuwa akiimba, na wimbo uliorudi mara kwa mara ulikuwa wa bibi harusi anayeuaga msuko wake wa nywele. Zamani msichana wa Kirusi alisuka msuko mmoja. Siku ya harusi ulifumuliwa, nywele zikasukwa mara mbili na kufichwa chini ya kitambaa, na mtu wa nje hakuziona tena. Basi bibi harusi aliulilia msuko wake kama anavyoliliwa maiti.

Wimbo ule nimebaki na mstari wa kwanza na nusu ya wa pili. Katikati yake limo neno “kosata”. “Kosa” kwa Kirusi ni msuko, hilo nalijua. “Kosata” silijui. Nililitafuta kwenye kamusi, halimo. Kumwuliza mwenyewe sikuthubutu, maana niliogopa akijua nasikiliza ataacha kuimba. Kisha miaka sita ikaisha, nikapanda ndege.

Kwa nini sasa? Mamangu amefariki mwaka jana. Alikuwa mzaliwa wa Mvita, aliyeolewa Tanga, na hadi siku ya mwisho aliita njia “ndia”, mchele “mtele”, macho “mato”. Baada ya arobaini yake nilikuwa jikoni napepeta mchele, nikatambua kwamba nyumba nzima hakuna tena atakayeuita mtele. Hapo hapo, sijui kwa mlango gani, nikamsikia Mama Funguo akiniambia njoo unywe “tsai”. Hakusema chai. Watu wa kwao huichanganya ch na ts, na kinywani mwake neno hilo ambalo Warusi na sisi tunalo sawasawa lilikuwa tsai. Nikaanza kuweka akiba ya nauli.

Jioni nimetembea hadi mtaa wa Mokhovaya, kwenye sanamu ya Mikhail Lomonosov. Njiani mwanamke wa mkahawani ameniuliza kama nataka “malako” kwenye kahawa. Maziwa huandikwa “moloko”, lakini Moscow o isiyo na mkazo hugeuka a, kwa hiyo zile o mbili za mwanzo zinapotea na ya mwisho peke yake ndiyo inayobaki. Kaskazini o zote tatu hutamkwa. Lomonosov alizaliwa mwaka 1711 huko huko kaskazini, karibu na Kholmogory, mtoto wa mvuvi mwenye o zake zote mdomoni. Hata hivyo katika kitabu chake cha sarufi kilichochapwa mwaka 1757 aliandika kwamba ile a ya Moscow inapendeza zaidi. Nimemtazama kwa muda. Nimeukumbuka mkutano wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa. Mkutano wenyewe ulifanyika Mombasa, mlangoni pa Kimvita.

Ijumaa, 14 Juni. Moscow, kisha relini

Mtaa wa Arbat umejaa wanasesere wa mbao na kofia za manyoya katikati ya joto. Vibanda vinashindana kupiga “Kalinka”. Wengi, hata Warusi wenyewe, wanaamini ni wimbo wa mababu usio na mwenyewe. Ulitungwa na Ivan Larionov, mjini Saratov, mwaka 1860. Siupunguzii heshima kwa kusema hivyo. Wimbo ukishapita midomo ya kutosha unakuwa mali ya watu. Ila mimi nimemwomba muuzaji nyimbo za harusi za kaskazini, akanipa diski ya kwaya kubwa nisikilize. Sauti safi, zimepangwa vizuri, na palipo na msuko wanaimba “kasa”. Kwetu kasa yuko baharini. Nimeirudisha diski kwa heshima.

Mama Funguo naye hakuzitaka kwaya kama hizo. Redio ya ukumbini ikipiga kwaya alipunguza sauti na kusema hao wanaimba kwa mdomo wa redio.

Usiku huu niko kwenye treni ya Voronezh kutoka stesheni ya Kazansky, behewa la vitanda bila milango, zaidi ya kilomita 500 mbele yetu. Mhudumu ameniletea chai kwenye bilauri iliyovikwa kishikio cha chuma, ile ile. Ikigongana na kijiko treni inapoyumba hutoa mlio ambao nimeusikia ndotoni mara nyingi nikiwa Tanga, nisijue ni mlio wa nini.

Jumamosi, 15 Juni. Voronezh

Kabla ya mji haujaonekana nimeusikia. Mama wa kitanda cha chini alikuwa akizungumza kwenye simu, na kila g yake ilikuwa gh. Siyo “gavarit” bali “ghavarit”, siyo “gorad” bali “ghorad”, na kila kitenzi kinamalizikia kwa t laini, kama inayotaka kuwa “ti” ikakatizwa njiani. Kusini mwa Urusi ndivyo wanavyosema. Nimelala kimya nikimsikiliza huku machozi yananitoka, na nadhani alifikiri nimefiwa.

Gh hii ina kisa. Mwaka wangu wa kwanza ulikuwa wa kujifunza lugha tu. Wanafunzi wengine waliihangaikia sauti hiyo ya mtaani. Mimi nilikuja nayo tayari: ghali, ghafla, ghorofa, lugha. Wiki ya tatu nilikuwa nikinunua nyanya sokoni kwa gh ambayo wauza nyanya waliifurahia. Darasani nikakatazwa. Mwalimu alisema hiyo ni g ya vijijini, aliyesoma haitamki. Nilikuwa na miaka ishirini, na maneno hayo nilikwisha kuyasikia shuleni Tanga, siku niliposema “ndoo hapa” badala ya “njoo hapa” darasa zima likacheka.

Na o nayo ilikuwa hivyo hivyo. Sisi tunasoma tunachokiona. Nikikuta o kwenye ukurasa naitamka o, kwa kuwa Kiswahili hakijanifundisha irabu inayojificha. Mwalimu alinisahihisha hadi akachoka. Siku moja nilimwomba Mama Funguo blanketi, nikasema kwamba ni baridi, “kholodno”, na o zangu zote. Akaweka shuka chini, akanishika uso kwa mikono miwili. Akasema, “Dochka, binti yangu, nani amekufundisha kusema kama kwetu?” Hakuna aliyenifundisha. Bahati tu ilikutanisha kinywa cha Tanga na kinywa cha Pinega. Watu wa Voronezh walikuwa wakimwiga kwa kumkejeli, wakizivuta o mdomoni. Tangu siku hiyo alikuwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye bila kujichunga.

Bweni bado lipo. Limepakwa rangi ya samli. Mlinzi, kijana mpole, ameniruhusu nisimame ukumbini dakika kumi. Chumba cha shuka sasa kina mashine za kufulia. Sikuona haja ya kupanda ghorofani.

Mchana nimemkuta rafiki yangu tuliyelala naye chumba kimoja miaka mitano. Tumekumbatiana mbele ya sanamu ya Koltsov, hatukuweza kusema. Aleksei Koltsov, mtoto wa mfanyabiashara wa mifugo wa mji huu, alizunguka nyika na makundi ya ng’ombe wa babake, na mashairi yake yamekuwa nyimbo ambazo waimbaji hawakumbuki tena kwamba ziliwahi kuwa na mtunzi. Alifariki mwaka 1842, umri wa miaka 33 tu. Tumekaa chini yake hadi jioni. Rafiki yangu aliniarifu kwamba Mama Funguo alizikwa hapa hapa, si Pinega, miaka ya tisini mwishoni. Tulikwenda makaburini. Kaburi limetunzwa.

Pale kaburini nikamwomba aimbe anachokumbuka. Ameimba. Sauti ni ile ile, mstari ni ule ule, ila ni “kasa” na gh kila mahali. Nikamwambia sivyo, Mama alikuwa akisema “kosata”. Akashangaa. Kwake yeye Mama Funguo aliimba hivi anavyoimba yeye. Miaka thelathini ameubeba wimbo ule kwa kinywa chake mwenyewe na hakuhisi kwamba umebadilika. Yeye huyu ndiye niliyemfundisha Kiswahili kidogo, naye hadi leo anasema “mtota” badala ya mtoto, kwa kuwa o ya mwisho haina mkazo na ulimi wake unaiangusha. Mama Funguo alilisema neno hilo barabara mara ya kwanza. Mtoto.

Kuhusu “kosata”, amesema labda ni kijazio tu. Na kweli nyimbo hizi za kuvuta zina vijazio vingi. Neno linakatwa katikati, mwimbaji anaingiza “oi” au “da”, anavuta pumzi, kisha neno linaanza upya toka mwanzo. Mtu aliyezoea nyimbo za redio hudhani mwimbaji amesahau. Lakini kijazio hakiingii mahali pamoja kila Jumatatu kwa miaka sita.

Jumapili, 16 Juni. Kijijini, kando ya mto Don

Leo ni Troitsa, sikukuu ya Utatu, siku ya hamsini ya Pasaka yao. Rafiki yangu amenipeleka kwa wakwe zake. Sakafu ya kanisa imetandazwa nyasi mbichi, kuta zimeegemezwa matawi ya beryoza, mti wa gome jeupe, na harufu ni ya shamba alfajiri baada ya mvua. Zamani wasichana walikwenda msituni kuisuka beryoza ikingali imesimama, wakaifunga matawi mithili ya msuko, wakapita chini yake wawili wawili wakiapa udugu. Msuko tena. Nimeandika hilo pembeni.

Baada ya chakula, kina mama watano wamekaa kwenye benchi mbele ya nyumba. Hakuna aliyesema sasa tuimbe. Mmoja alianza tu, sauti ya kifuani, wazi, kubwa kuliko umbo lake, ya mtu aliyezoea kuitana kuvuka bonde. Wengine wakaingia chini yake, na wa mwisho, mwembamba mwenye jino la dhahabu, akapanda juu yao wote na kubaki huko peke yake. Ndani ya makutano hayo sauti mbili husuguana kwa makusudi. Aliyefunzwa kwaya atasema zimepishana. Mimi nywele zilisimama. Duara la kucheza, ambalo kaskazini na vitabuni ni “khorovod”, hapa wanaliita “karagod”, na gh ndani yake. Majira ya kuchipua, “vesna”, wanayaita “vyasna”. Jambo lililonigusa ni kwamba wakizungumza na mimi mgeni walijaribu kunyoosha lugha, lakini wakiimba hakuna aliyejaribu. Wimbo ulikuwa umewapa ruhusa.

Ni kutoka vijiji vya aina hii ambako Mitrofan Pyatnitsky, mzaliwa wa jimbo hili la Voronezh, aliwachukua wakulima wa Voronezh, Ryazan na Smolensk akawasimamisha jukwaani Moscow mwaka 1911. Aliwarekodi kwa fonografu pia. Waliotoka Voronezh waliimba Kivoronezh, waliotoka Smolensk Kismolensk. Kwaya yenye jina lake ipo hadi leo, ingawa baadaye mambo yalinyooshwa, kama ilivyokuwa kwa nyingi.

Wakaniomba na mimi niimbe cha kwetu. Nimeimba wimbo wa kumuaga bibi harusi alioniachia mamangu, ambamo mato yanatiririka kama mto. Ukiimba “macho” hapo, kina kinakufa. Nimewaeleza hivyo. Yule wa jino la dhahabu akapiga paja lake akasema hata wao wajukuu wakijaribu kuimba kwa lugha ya shule, wimbo “unachechemea”.

Kisha nikawapa mstari wangu wa Pinega. Wamejadiliana sana. Wakaamua kwamba “kosata” ni “kasatka”, mbayuwayu, jina ambalo huku wanamwita pia msichana kipenzi. Maelezo mazuri, karibu niyakubali. Lakini silabi ya mwisho haikai. Na Mama Funguo alisema ko, si ka.

Jumatatu na Jumanne, 17 na 18 Juni. Njiani

Kurudi Moscow, kulala, kubadili stesheni, kuondoka Yaroslavsky. Nimenunua soksi.

Jumatano, 19 Juni. Vologda

Mji huu umeisimamishia sanamu herufi O, mwaka 2012. Si fumbo, ni herufi yenyewe, duara kubwa ambalo watoto wanakaa ndani na kupigwa picha. Nimegusa. Nimefikiria nani Mombasa ataisimamishia sanamu ile t ya mtele.

Sokoni muuza siagi, mtu mzima, amenihesabia chenji kwa o zote, polepole, kama anayepanga mayai. Msichana wa kibanda cha pili, labda mjukuu wake, alisema “kharasho” kama mtangazaji wa televisheni. Niliwauliza. Bibi akasema mtoto alikwenda kusoma Moscow mwaka mmoja tu, akarudi bila o. Msichana akaona haya, akasema nyumbani wakiwa peke yao inarudi.

Mwanamke wa kwanza kuubeba wimbo wa Kirusi ndani ya mashine alikuwa Yevgenia Linyova, mwaka 1897. Kabla yake wakusanyaji karibu wote waliandika kwa kalamu, na kalamu inaandika moloko kwa Moscow na moloko kwa Vologda. Herufi ni zile zile. Ndiyo maana kwenye vitabu huwezi kujua wimbo uliimbwaje. Fonografu ndiyo ya kwanza kuitambua o. Nimekaa na wazo hilo kwenye benchi la stesheni hadi treni ya usiku ilipokuja.

Alhamisi, 20 Juni. Arkhangelsk

Zaidi ya kilomita 600 za misonobari na mabwawa. Nimekuwa nikingoja giza ili nilale, halikuja. Saa sita usiku nilikuwa nasoma bila taa. Mhudumu wa behewa, alipoulizwa na abiria treni itafika saa ngapi, alijibu “kto znat”, nani ajuaye, wakati Kirusi cha vitabu ni “znayet”. Ameikunja silabi. Hapo nikaelewa kitu kuhusu mstari wangu wa pili. Nikijaribu kuuimba kwa Kirusi nilichofundishwa siku zote silabi moja hubaki bila noti. Nilikuwa nimeingiza neno la darasani mahali ambapo Mama Funguo alikuwa na lile fupi. Nimeuimba kimya, midomo tu, na safari hii umeenea.

Mto Dvina hapa ni mpana kama mkono wa bahari, na unanuka mbao. Nimekula “shanga”, mkate wa duara wenye viazi juu. Kwetu shanga ni nyingine, ila hii nayo ilinipendeza.

Ijumaa, 21 Juni. Arkhangelsk

Mvua kutwa. Kijiji cha Mama Funguo ni mbali, na rafiki alikuwa amenionya Voronezh kwamba nyumba zimebaki tatu za msimu wa kiangazi. Nimeamua kutokwenda. Nilikuja kutafuta neno, na nyumba tupu haisemi.

Nimeshinda chumbani na rekodi za Kwaya ya Kaskazini, ile iliyoanzishwa na Antonina Kolotilova mwaka 1926. Hawa o yao wameilinda. Nimesikiliza saa tatu. Kisha nikasoma habari za Maria Krivopolenova wa Pinega, ombaomba aliyekuwa akitembea kijiji hadi kijiji na tenzi za mashujaa kichwani. Mwaka 1915, bibi huyo akiwa na miaka zaidi ya sabini, mkusanyaji Olga Ozarovskaya alimpeleka Moscow, na kumbi zikajaa watu waliokuja kumsikiliza bibi mfupi mwenye lafudhi ya msituni. Hakubadilisha hata irabu moja kwa ajili yao.

Jumamosi, 22 Juni. Malye Korely

Tarehe kama ya leo, mwaka 1941, vita viliingia nchi hii. Asubuhi kwenye moto usiozimika kando ya mto watu walikuwa wameweka maua bila kelele. Nimeweka langu. Baba yake Mama Funguo hakurudi kutoka vita vile, na nyimbo zote alizozijua alizirithi kwa mama mjane.

Kisha basi hadi Malye Korely, yapata kilomita 25 kutoka mjini. Ni jumba la makumbusho lisilo na jumba. Makanisa, vinu vya upepo na nyumba za magogo vilivyohamishwa kutoka mito mbalimbali ya mkoa, kazi iliyoanza mwaka 1964, na kila mto umepewa mtaa wake. Nimeupita mtaa wa Kargopol, nikateremka bondeni, nikapanda ngazi za mbao hadi mtaa wa Pinega.

Katika nyumba mojawapo alikaa mama mlinzi, soksi ya sufu imekwama kwenye sindano. Nimemsalimia, nikamwuliza kama nyumba hii kweli ni ya Pinega. Akajibu ndiyo, na yeye pia. Sikujua nianzie wapi. Nikaanzia kwenye wimbo. Nimeimba mstari wa kwanza na nusu ya wa pili, na silabi ile niliyoirudisha kwenye treni.

Aliweka sindano chini. Hakuushangaa uso wangu, aliushangaa mdomo. “Hiyo ni ya kwetu, lakini ya juu mtoni,” akasema. “Kwetu sisi wa chini sauti inashuka mapema.” Akauimba wa kwao. Si ule. Sauti inashuka mapema, kama alivyosema, na msichana wa kwao anaagana na dirisha kabla ya kuagana na msuko. Nilikuwa tayari kuvunjika moyo, lakini mara neno likapita. “Kosata.” Mkazo pale pale, kwenye sa.

“Mama, kosata ni nini?”

Hakuelewa swali. Nikarudia. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. “Kosa,” akasema, akashika kitambaa chake kichwani. “Kosa-ta.” Kisha akaanza kunionyesha nyumba nzima kwa kidole, kama anayemfundisha mtoto. Nyumba, “izba-ta”. Dirisha, “okno-to”. Jengo zima, “dom-ot”. Na ukiiona ile nyumba, unaiona “izbu-tu”. Vipande hivyo vinafuata jina na kubadilika nalo. Kirusi cha Moscow kina “to” moja tu isiyobadilika. Kaskazini kinapatanisha.

Miaka thelathini na minne nimekuwa nikitafuta neno moja kumbe ni mawili. Halimo kwenye kamusi kwa kuwa hakuna kamusi itakayoandika “msuko huo” kama neno. Nami, kuliko mwanafunzi yeyote wa ghorofa ile, nilipaswa kulisikia. Mto huo, jicho hilo, nyumba hiyo. Lugha yangu haifanyi kitu kingine mchana kutwa. Msichana wa wimbo halilii msuko wowote tu. Analilia huo, ule uliokuwa mgongoni pake hadi jana.

Nimemweleza yote hayo kwa Kirusi changu kilichovurugika, o za kaskazini, gh za kusini, vitenzi vya darasani. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunisahihisha. Alipouliza nilifundishwa na nani, nilimtajia Mama Funguo kwa jina lake kamili na la babake. Hakumjua. Akaitaja koo iliyokuwa juu mtoni yenye jina hilo, akasema walikuwa waimbaji. Akainuka, akawasha birika la umeme lililofichwa nyuma ya pazia ili wageni wasilione, akaniambia nikae, tunywe tsai.

Akataka kujua kwetu tunasemaje. Nikamwambia: msuko huo. Amejaribu mara tatu. H ilimkwama kooni kama inavyowakwama Warusi wote, ikatoka “khuo”. Lakini ile o ya mwisho wa msuko, ambayo rafiki yangu wa Voronezh angeifanya a, aliitoa nzima, ya mviringo, kama Mama Funguo alivyoitoa kwenye mtoto.